Jibu: ule wimbo wa viatu vya Kijapani

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Huo wimbo wa viatu uliouuliza, aliokuwa akiuimba marehemu mzee wako, ni "Mera Joota Hai Japani", wa filamu ya Kihindi ya Shree 420 ya mwaka 1955. Anayeonekana akiimba ni mwigizaji Raj Kapoor, lakini sauti ni ya mwimbaji Mukesh. Wengi huchanganya hapo. Maneno yake yasema: viatu vya Japani, suruali ya Kiingereza, kofia nyekundu ya Kirusi, ila moyo ni wa Kihindi.

Mama yangu, Mzanzibari asiyejua Kihindi hata cha kuombea maji, aliuimba akikuna nazi juu ya mbuzi. Maneno aliyaboronga yote! Nilipokuja kuusikia wenyewe, nikaona Mukesh ndiye anayekosea.