Wachapishaji wa saa sita usiku: maswali yenu, majibu yangu

Katika safu iliyopita niliitaja kwa mstari mmoja tu kampuni ya vitabu ya Paris iitwayo Les Éditions de Minuit, na mstari huo umeniletea barua kuliko safu yote iliyobaki. Nimechagua sita. Walioniuliza bei za vitabu wanisamehe, mimi si duka.

Hilo jina linatamkwaje, na maana yake nini? (Mama Salma, Tanga)

Sema "minwi", mama, ile t ya mwisho imeze. Ni usiku wa manane, saa sita usiku kwa hesabu yetu. Kampuni ilianzishwa mwaka 1941, Paris ikiwa mikononi mwa jeshi la Wajerumani, na kazi yake ilikuwa ya gizani kama jina lake.

Wajerumani walikuwa na wapelelezi kila mahali. Vitabu vilichapwaje bila watu kukamatwa? (Juma, Mwanza)

Hapa ndipo ninapopapenda, Juma, kwa hiyo nivumilie.

Waanzilishi walikuwa wawili. Jean Bruller alikuwa mchoraji wa vitabu aliyekataa kutoa kazi yoyote chini ya wavamizi, akaenda kufanya useremala. Pierre de Lescure alikuwa mwandishi. Wakati huo Wajerumani walikwisha kutoa orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku, maarufu kama orodha ya Otto, na chama cha wachapishaji wa Ufaransa kilikubali kuifuata. Mwandishi mwenye msimamo alibaki na mawili: anyamaze au ajifiche.

Bruller akaandika hadithi fupi, Le Silence de la mer, yaani ukimya wa bahari. Mzee mmoja na binti wa ndugu yake wanalazimishwa kumpa chumba ofisa wa Kijerumani. Ofisa ana adabu, anapenda muziki, kila jioni anawasemesha. Hawamjibu neno. Mwandishi alijiita Vercors, jina la milima ya kusini mashariki mwa Ufaransa, na siri ikawa nzito kiasi kwamba hata mkewe hakujua Vercors ni nani.

Aliyekichapa kitabu hicho alikuwa na karakana ndogo ya kadi za harusi na matangazo ya misiba, ng'ambo ya barabara kukiwa na hospitali iliyochukuliwa na jeshi la Wajerumani. Mashine yake iliweza kurasa nane tu kwa mkupuo. Zikikauka, zinafungwa kama kifurushi cha kawaida na kupelekwa nyumbani kwa Yvonne Paraf, rafiki wa Bruller tangu utoto, ambako yeye na wenzake walizishona na kuzigundisha kwa mkono. Kila mmoja alijua kipande chake cha kazi na si zaidi, ili akikamatwa asiwe na cha kutapika. Toleo hilo la Februari 1942 lilikuwa na nakala 350 hivi.

Kinachonishangaza mimi ni kwamba vitabu vyenyewe vilikuwa vizuri. Karatasi nzuri, herufi zimepangwa kwa utaratibu, kana kwamba hakuna anayewinda mtu. Bruller hakutaka kitabu cha siri kifanane na kipeperushi. Paris ilipokombolewa mwaka 1944, kampuni ilikuwa imetoa vitabu ishirini na kitu, vya watu kama Louis Aragon, Paul Éluard na François Mauriac, wote kwa majina ya bandia.

Vita vikaisha. Kwa nini haikufa kama magazeti mengi ya siri? (Mwalimu Baraka, Lubumbashi)

Ilikaribia kufa, Mwalimu. Ushujaa haulipi deni la karatasi. Aliyeiokoa ni Jérôme Lindon, kijana wa familia ya Kiyahudi aliyekuwa amejiunga na wapiganaji wa msituni. Aliingia ofisini mwaka 1946, na mwaka 1948 akawa mkurugenzi, hata miaka 23 alikuwa hajaitimiza. Vercors aliondoka.

Mwaka 1950 akaletewa miswada mitatu ya Samuel Beckett, raia wa Ireland aliyeamua kuandika kwa Kifaransa. Mwenzi wa Beckett, Suzanne, alikuwa ameizungusha kwa wachapishaji mmoja baada ya mwingine na kukataliwa. Lindon alisimulia baadaye kwamba alianza kusoma Molloy ndani ya metro, treni ya chini ya ardhi, akacheka peke yake mbele za watu. Kitabu kikatoka 1951, tamthilia ya Godot mwaka uliofuata. Beckett alipopewa Nobeli mwaka 1969 hakwenda Stockholm. Aliyekwenda kuipokea kwa niaba yake ni Lindon.

Kwa mtiririko huohuo akawachapisha Alain Robbe-Grillet, Claude Simon na wenzao walioitwa kundi la riwaya mpya. Simon naye akapata Nobeli, 1985. Nakiri kwamba baadhi ya riwaya hizo zimenishinda. Nimezianza mara tatu tatu. Mwaka 1958 Lindon alichapisha pia La Nuit ya Elie Wiesel, simulizi ya Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, baada ya wengine kuikataa.

Kama walikuwa wazalendo, iweje wakaandamwa na serikali yao wenyewe? (Msomaji wa Mombasa)

Kwa sababu ya vita vya Algeria, koloni lililokuwa likipigana kujitoa mikononi mwa Ufaransa. Henri Alleg, aliyekuwa mkurugenzi wa gazeti la Alger républicain, alikamatwa Juni 1957 na askari wa miamvuli wa Ufaransa, akateswa kwa umeme na maji. Aliandika yaliyompata akiwa gerezani, na mawakili wake wakazitoa karatasi kwa siri. Lindon alizichapisha Februari 1958 kwa jina La Question, neno ambalo katika sheria ya zamani ya Kifaransa lilimaanisha mateso ya kumkamua mtu maneno. Nakala kama 60,000 ziliuzwa kabla serikali haijakikamata mwezi Machi. Siku chache baadaye kikachapwa upya Lausanne, Uswisi, na kuvushwa mpaka.

Lindon hakukoma. Vitabu vyake vingine kuhusu vita hivyo vilikamatwa, akashitakiwa kwa riwaya ya askari mtoro, na mwaka 1961 wanamgambo wa OAS, kundi la siri la Wafaransa waliopinga Algeria kuachiwa, wakatega bomu nyumbani kwake. Wapo wanaosema aliisaliti Ufaransa. Mimi naona alikuwa akifanya kazi ileile ya 1942. Ofisa wa zamu tu ndiye aliyebadilika.

Nani alilipa gharama? Vitabu vigumu havinunuliwi. (Kassim, Muscat)

Havinunuliwi mwaka wa kwanza, Kassim. Godot inasomwa mashuleni na kuchezwa majukwaani tangu 1953, na mtu mwenye vitabu vya namna hiyo kadhaa kwenye stoo anaweza kulipa mishahara. Mara mojamoja huja bahati: L'Amant ya Marguerite Duras ilishinda Goncourt, tuzo kubwa ya riwaya ya Ufaransa, mwaka 1984 na kuuzwa kama njugu.

Ila vitabu vinavyouzika polepole vinahitaji maduka madogo yenye wauzaji wanaosoma. Fnac, kampuni ya maduka makubwa, ilipoanza mwaka 1974 kupunguza bei kwa asilimia 20, Lindon aliona maduka hayo yatazikwa, akapigania sheria hadi ikapita. Sheria ya Agosti 1981, iitwayo kwa jina la waziri Jack Lang, inampa mchapishaji haki ya kupanga bei, na duka haliruhusiwi kupunguza zaidi ya asilimia 5. Bado inatumika.

Je, hadi leo ni huru? Na nikiwa na mswada wa Kiswahili, niwatumie? (Neema, Bujumbura)

Si huru tena. Lindon alifariki mwaka 2001, binti yake Irène akashika usukani miaka ishirini, kisha akaiuza kwa Madrigall, kundi la kampuni za familia ya Gallimard. Umiliki ulihama Januari 2022. Jalada jeupe lenye mstari wa buluu na nyota limebaki.

Mswada usiwatumie, dada. Wao ni watu wa Kifaransa, na hata Beckett ilibidi ahame lugha kwanza. Ukiamua kuufuata mfano wake, jiandae pia kwa ile sehemu ya kukataliwa mlango hadi mlango, na utafute Suzanne wa kukubebea bahasha.