Programu inasema mtoto yuko nyuma: yaliyonikuta kwa wanangu wawili

Dada, umeuliza kama uiamini programu ya simu iliyokuwekea alama nyekundu kwa kuwa binti yako wa miezi 13 hajaanza kutembea. Kwa hilo la kutembea, tulia. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likaona kuna anayetembea akiwa na miezi 8 na kidogo, na kuna anayengoja hadi miezi 17 na nusu, wote wazima. Wengine, kama wanne katika mia, hata kutambaa hawakutambaa. Programu ikikupa mwezi mmoja tu, kana kwamba watoto wote wamepangiwa tarehe, imekuficha upana huo.

Hata hivyo usiifute.

Mwanangu wa kwanza alikuwa njiti, alizaliwa wiki 8 kabla ya wakati. Nilijaza tarehe yake ya kuzaliwa kama ilivyo, na kila mwezi nikaambiwa hafikii. Alipotimiza miezi 6 nilikuwa namkalisha kwa mito kwa lazima, naye analia. Muuguzi mmoja ndiye aliyeniuliza, "Mama, umempunguzia wiki zake?" Sikuwa najua. Njiti huhesabiwa umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, na huendelea hivyo mpaka afikishe miaka miwili. Kwa hesabu hiyo wangu alikuwa wa miezi 4! Nilikuwa namdai mtoto mchanga kazi ya mkubwa wake. Kama binti yako naye aliwahi, hata kwa wiki tatu au nne, anza kuangalia hapo, maana si kila programu inauliza.

Wa pili alitimiza siku zake, akasimama dede mapema, akatembea mapema, nami nikaacha kumwangalia kwa makini. Alipofika miezi 18 nilitumiwa Ages and Stages, dodoso ambalo mzazi hujaza kupima ukuaji wa mtoto, nilijaze mtandaoni. Lina sehemu tano, kuanzia mawasiliano hadi matumizi ya vidole, na kila swali unajibu ndiyo, wakati mwingine, au bado. Ndiyo ni alama 10, wakati mwingine 5, bado 0. Nililijaza usiku, mtoto amelala, kwa kumbukumbu. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Baba yake akasogea, akasoma, akaniuliza: lini umemwona anafuata agizo bila wewe kunyoosha kidole? Nikanyamaza.

Kesho yake tuliketi naye mkekani tukarudia swali moja moja. "Lete mpira," nikasema, mikono nimeificha nyuma. Akanitazama usoni tu. Nikarudia, akatabasamu. Kumbe siku zote alikuwa anafuata vidole vyangu, si maneno yangu. Alama za mawasiliano zikashuka chini ya kiwango, nikalia. Lakini kilichoandikwa kwenye matokeo hakikuwa jina la ugonjwa, kilikuwa ushauri wa kumpeleka akapimwe zaidi. Alipopimwa usikivu alikutwa na majimaji nyuma ya viwambo vya masikio yote mawili. Alitibiwa, na maneno yakaja polepole, kwa miezi kadhaa.

Ndiyo maana nakusihi ujaze ukiwa na mtoto, mchana, ameshiba na amechangamka, na umjaribu kitu kwa kitu. Usimpe alama kwa unachoamini anaweza. Mimi nilirekodi pia video tatu fupi, na hizo zilisaidia kuliko maelezo yangu yote, kwa sababu mbele ya daktari mtoto aliganda kabisa, hakufanya hata yale anayoyafanya nyumbani.

Angalia pia orodha ya hatua za ukuaji unayotumia ni ya lini. Ile ya CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ambayo ni ya bure, ilibadilishwa mwaka 2022. Zamani hatua nyingi ziliwekwa kwenye umri ambao nusu tu ya watoto wanaziweza; sasa ni umri ambao angalau watoto 75 katika mia wanaziweza. Nakala za zamani bado zinazunguka, na zinawatia hofu wazazi ambao watoto wao hawana neno. Kwa upande wa pili, "bado" kwenye orodha mpya usiipuuze.

Uliandika pia kwamba ulimjazia binti yako M-CHAT, dodoso la usonji. Hilo ni la miezi 16 hadi 30. Kwa miezi 13 jibu lake halina maana, liache, na hata kwa umri wake halali alama kubwa ni sababu ya kwenda kwa wataalamu, haithibitishi kwamba mtoto ana usonji.

Yapo mambo ambayo hayangoji dodoso. Mtoto aliyekuwa anasema au anapunga mkono akaacha. Asiyeshtuka wala kugeukia sauti. Anayetumia mkono mmoja tu, mwingine ameukunja muda wote. Ukiona mojawapo, nenda wiki hiyo hiyo, hata kama programu imekuwekea kijani kila mahali.

Sasa niambie: alizaliwa wiki ya ngapi? Anajivuta kusimama? Anashika viti na kutembea pembeni? Ukimwita kwa nyuma, bila kumgusa, anageuka?