Kocha Anajibu: Mnauliza ya NBA, Mimi Nayaona ya Mwanga

Safari iliyopita niliandika habari za Bobby Portis wa Milwaukee Bucks, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, aliyefungiwa mechi 25 mwezi Februari 2025 baada ya kukutwa na tramadoli, dawa kali ya maumivu, mwilini. Tangu siku hiyo maswali yamefurika. Nimechagua haya, yote ya hapa mkoani Kigoma. Yale yaliyotaka nitaje jina la dawa na duka la kuinunua nimeyafuta, na wewe uliyeandika mara nne ujue yote manne nimeyasoma.

*Kocha, shikamoo. Kikapu ni mkono na akili. Hivi dawa za kusisimua misuli zingemfaa nini mchezaji wa NBA? (Gungu)*

Marahaba. Zingemfaa, tena sana, na hoja hii ya "mkono na akili" nimeichoka.

Kwanza jina lenyewe linatupotosha. Tukisema "kusisimua misuli" watu wanamfikiria mnyanyua vyuma mwenye shingo kama ya fahali, wanahitimisha kwamba mrusha mpira hahusiki. Humo ndani mna vitu vingi visivyofanana. Kuna steroidi zinazojenga misuli, kuna homoni ya ukuaji, kuna EPO inayoongeza chembe nyekundu za damu ili pumzi isikate, kuna vichangamshi vya ubongo, kuna hata dawa za kukojosha ambazo watu humeza ili kufuta nyayo za dawa nyingine. Deandre Ayton, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2018, alifungiwa mechi 25 mwaka 2019 kwa dawa ya kukojosha.

Sasa tazama kazi yenyewe. Msimu wa NBA ni mechi 82 za dakika 48, kuanzia Oktoba hadi Aprili, na mtoano haujaanza. Wanacheza usiku, wanapanda ndege usiku uleule, kesho wako mji mwingine. Huo mkono mnaousifia unabebwa na miguu. Miguu ikichoka, mpira haufiki, unagonga ringi kwa mbele na kurudi. Yeyote aliyewahi kucheza kota ya nne na mapaja yanawaka anajua ninachosema. Dawa inayomfanya mtu arudiwe na nguvu kwa siku moja badala ya tatu inampa miguu ya Oktoba akiwa mwezi Machi. Na kwamba zinafanya kazi si uvumi: mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliwachoma wanaume testosteroni, homoni ya kiume, kwa wiki 10. Waliochomwa bila kufanya mazoezi yoyote waliongeza karibu kilo 3 za mwili usio mafuta, na waliochomwa huku wakinyanyua vyuma wakaongeza kilo 6 hivi.

Ndiyo maana majina ya waliofungiwa hayaishi. Rashard Lewis, 2009. Hedo Türkoğlu, 2013. Joakim Noah, 2017. John Collins, 2019. Tristan Thompson, Januari 2024. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mchezaji bora wa ligi alipokamatwa, na wengine wananiandikia kwamba huo ni ushahidi kuwa dawa haisaidii. Unathibitisha tu kwamba dawa haimfanyi mtu kuwa Stephen Curry, mrusha mpira hodari wa Golden State Warriors. Curry amefunga zaidi ya asilimia 90 ya mitupo huru ya maisha yake, na mwili wake ni mwembamba kuliko wa vijana wengi wa bandarini Kibirizi. Shaquille O'Neal, senta wa zamani, na nguvu zote zile, aliishia asilimia 52 na kidogo. Dawa itakurudishia miguu. Kiwiko chako kikikaa vibaya mwezi huu, kitakaa vibaya hata ukimeza duka zima.

Kwa hiyo zinasaidia, na kwa sababu zinasaidia ndiyo maana zimekatazwa. Kuzikataa kwangu hakutokani na kudhani ni bure. Steroidi huzima korodani zisitengeneze mbegu, hunenepesha ukuta wa moyo, zile za kumeza huchoma ini, na misuli hukua haraka kuliko kano zinazoifunga kwenye mfupa, kisha mtu anaruka kudaka rebaundi, mpira uliorudi kutoka kwenye ringi, na kutua na mwili mzito juu ya kano zilezile. Mchezaji wa NBA anayo timu ya madaktari ya kumpima damu. Kijana wa Gungu hana.

*Nitajie dawa ya kuongeza pumzi. (Ujiji)*

Anzia stesheni ya reli, kimbia kupanda mpaka Mwanga, shuka ukitembea, rudia mara tano. Siku tatu kwa wiki, miezi miwili. Sina nyingine.

*Nina miaka 19, urefu sentimita 176. Nimesikia kuna sindano ya homoni ya ukuaji. Naweza kufika 190? (Kasulu)*

Hapana, hutafika. Mfupa mrefu hurefuka kwenye gegedu zilizo karibu na ncha zake, na gegedu hizo hugeuka mfupa balehe inapokwisha. Kwa umri wako yaelekea zimeshafunga au ziko mbioni kufunga. Zikishafunga, sindano haikuongezei urefu. Inakuza mikono, miguu, taya na viungo vya ndani, na inaweza kupandisha sukari.

Na nisikilizeni nyinyi wa miaka 14 na 15 ambao hamjauliza. Steroidi katika umri wenu huziharakisha gegedu hizo kufunga. Unameza ili uwe senta, yule mrefu wa chini ya ringi, unaishia mfupi kuliko vile ambavyo ungekuwa. Curry ana sentimita 188 hivi. Wewe wa 176 jifunze kudunda kwa mkono wa kushoto, maana kila gadi, yule mpeleka mpira, ninayemwona mkoani hapa anakwenda kulia tu.

*Kwa nini wa NBA anafungiwa mechi 25 na mwanariadha anafungiwa miaka minne kwa kosa lilelile? (Uvinza)*

Kwa sababu NBA ni nyumba yenye sheria zake. Ligi hukaa mezani na chama cha wachezaji, wakapatana adhabu. Haijasaini kanuni za WADA, wakala wa dunia wa kupambana na dawa michezoni ulioanzishwa mwaka 1999. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, wamesaini. Ukivaa jezi ya Taifa uko chini ya FIBA, na kwa steroidi uliyotumia kwa makusudi hesabu inaanzia miaka minne.

Mechi 25 ni chini ya theluthi ya msimu. Ukikamatwa mara ya pili ni 55, na mara ya tatu ndiyo unatolewa kwenye ligi. Naona ni adhabu nyepesi mno kwa mtu anayejua alichofanya. Hata kupima damu ili kukamata homoni ya ukuaji walianza msimu wa 2015/16 tu. Wanaoniandikia kwamba kikapu ni mchezo safi kuliko baiskeli wajiulize kwanza umepimwa kwa ukali gani.

*NBA wameacha kupima bangi. Si ina maana haina shida? (Mwanga)*

Waliiondoa kwenye orodha yao mwaka 2023. WADA bado wanaikataza siku ya mashindano, na sheria ya Tanzania inaikataza siku zote. Hili nimelijibu mara tatu mwaka huu, na sitalijibu tena.

*Kocha, Hasheem Thabeet angetumia dawa si angebaki NBA hadi leo? (Kibondo)*

Jina la Hasheem usilisogeze karibu na dawa. Ni kijana wa Dar es Salaam aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, akachaguliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na mbele ya Curry mwenyewe. Kwa miaka hiyo michache ya kujifunza mchezo, kufika pale ni jambo ambalo bado hatujalipa heshima yake. Alichokosa ni miaka ya utotoni ambayo wenzake walikuwa na mpira mkononi tangu darasa la kwanza, na hiyo haiuzwi kwenye chupa. Aliyechaguliwa wa nne mwaka huohuo, Tyreke Evans, alikuwa na miaka hiyo yote na kipaji juu yake, na mwaka 2019 NBA ilimwondoa kwenye ligi kwa kukiuka mpango wake wa dawa.

Shule zetu ngapi hapa mkoani zina ringi lililosimama wima? Hilo ndilo mngeniuliza.

*Goti linaniuma. Kabla ya mechi nachoma diklofenaki, na mwenzangu humeza tramadoli. Ipi ni salama? (Katubuka)*

Hapa nakaa, kwa sababu hili si la NBA tena, ni la kwetu.

Portis alieleza kwamba alidhani anameza Toradol, dawa ya maumivu inayoruhusiwa, kumbe ni tramadoli. Majina yanafanana masikioni, na kosa hilo lilimgharimu mechi 25. WADA nao waliikataza tramadoli siku ya mashindano kuanzia Januari 2024. Sababu yake ni ya wazi: ni ndugu wa mofini. Inaondoa maumivu, inaleta ulevi mwepesi, na mwili huizoea ukaidai. Ikizidi huleta degedege, na ikichanganywa na pombe inaweza kuzima pumzi usingizini. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuiuza kabisa, na famasi haikupi bila cheti cha daktari. Mwenzako anayeinunua moja moja, imefungwa kwenye kikaratasi bila boksi, hajui anameza nini wala miligramu ngapi.

Diklofenaki haijakatazwa michezoni. Lakini kutokatazwa si kibali cha kujichoma kila Jumamosi. Inakwangua tumbo mpaka vidonda, na ukicheza juani umekauka maji, figo zako ndizo zinazolipa.

Nitakwambia yangu. Nilipokuwa na miaka 23, usiku wa kuamkia fainali, goti langu la kushoto lilivimba. Kiongozi mmoja wa timu alileta mtu na sindano, hakuniuliza kitu, nami sikuuliza kitu. Nilicheza dakika zote 40, sikusikia maumivu hata chembe, tukashinda. Asubuhi sikuweza kushuka kitandani. Maumivu yalikuwa yananiambia nisimame, nami nilikuwa nimeyaziba mdomo. Hiyo ndiyo ilikuwa mechi yangu ya mwisho ya ushindani, na hadi leo nikipanda ngazi nashika ukuta. Kwa hiyo usiniulize ipi ni salama. Pumzisha goti, liweke barafu, nenda ukapigwe picha. Na makocha wenzangu mnaobeba sindano kwenye begi la timu: nyinyi si waganga, na watoto wa watu si mali yenu.

*Unga wa protini na kriatini je? (Mwanga)*

Kriatini, kirutubisho cha misuli, imeruhusiwa na inasaidia kidogo kwenye miruko na mbio fupi. Tatizo ni kopo lenyewe. Virutubisho vya kopo vimewaponza wengi kwa sababu ndani huchanganywa vitu visivyoandikwa nje, na Rashard Lewis alieleza kwamba kilichomponza ni kirutubisho cha dukani tu. Ukikamatwa, kusema hukujua hakukutoi hatiani.

Halafu unaishi Kigoma. Dagaa mkavu ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na kriatini imo ndani ya samaki tangu zamani. Kula dagaa, migebuka, maharage na ugali wa kushiba, lala usingizi wa saa nane. Nina wachezaji wanaoweka akiba ya kopo huku wakifika mazoezini wamekunywa chai ya rangi tu tangu asubuhi.

Waliouliza kuhusu vinywaji vya kuongeza nguvu: kafeini haijakatazwa, lakini makopo matatu kabla ya mechi ni kuuchokoza moyo. Kikombe cha kahawa ya Manyovu kinatosha.

*Baba, mimi si mpenzi wa kikapu. Mwanangu ana miaka 17, anataka kucheza posti, wanasema ni chini ya ringi. Ameanza kumeza vidonge vya kuongeza mwili, anasema vinatoka ng'ambo ya ziwa. Uso umejaa, anakula sana, analala sana. Ni hizo dawa za NBA? (Mama, Bangwe)*

Mama yangu, asante kwa kuandika. Swali lako limenikosesha usingizi kuliko yote.

Hizo si za NBA. Unavyoeleza, uso kujaa, njaa na usingizi, nadhani ni mchanganyiko ninaouona mitaani kila mwezi: deksamethasoni na saiproheptadini. Ndizo hizohizo wanazouziwa mabinti wanaotaka makalio. Saiproheptadini ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Deksamethasoni ni dawa nzito ya hospitali, inayookoa maisha kwa mkono wa daktari, lakini haijengi misuli. Inaila. Kinachoonekana kama mwili ni maji na mafuta, usoni na tumboni, huku mapaja yanasinyaa, mifupa inapungua uimara, sukari inapanda na kinga inashuka. Mwanao anadhani anakuwa posti, na kila wiki anakuwa dhaifu zaidi chini ya ringi.

Sasa sikiliza kwa makini, mama. Kama amemeza kwa wiki kadhaa, usimnyang'anye vidonge na kuvitupa chooni leo. Mwili uliozoea deksamethasoni huacha kutengeneza homoni yake wenyewe, na akikatishwa ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, shinikizo la damu kushuka, hata kuzimia. Kupunguza ni kazi ya daktari, kidogo kidogo. Usimgombeze usiku huu pia, maana akikuficha hutajua amemeza vingapi. Mpeleke Hospitali ya Maweni kesho asubuhi, beba na vidonge vyote vilivyobaki pamoja na karatasi au boksi lake, na mwambie daktari tarehe aliyoanza. Akianza kutapika, kuchanganyikiwa au kuishiwa nguvu kabla ya hapo, msisubiri kupambazuke. Akishapona mlete uwanjani kwangu Jumamosi, nitamfundisha kuzuia kwa mgongo na kugeuka.