Nimemwona kamba nisiyemjua: je, ni spishi mpya?

SWALI: Nikizamia kwenye matumbawe nilimpiga picha kamba mdogo mwenye gando moja jekundu, kubwa kuliko kichwa chake. Nimemtafuta vitabuni, simwoni. Je, nimegundua spishi mpya?

JIBU: Ndugu mzamiaji, usitangaze bado. Vitabu vya wazamiaji huonyesha kamba wachache tu, wale wanaojitokeza hadharani. Gando ulilolieleza ni la jamii ya kamba wanaoalisha gando: hulifunga kwa kasi mpaka kiputo kinatokea majini na kupasuka kwa mlio mkali. Jamii hiyo ina mamia ya spishi, na nyingi hujificha.

Mimi kazi yangu ni kuwaainisha, na nyingi hufanyika mezani kwenye hadubini. Natazama mchongoko ulio katikati ya macho, nahesabu pingili za mguu wa pili, napima vidole vya gando, kisha naugeuza mkia nione vijiiba vyake vimekaa wapi. Kila kimoja nakilinganisha na maelezo ya spishi za karibu, mengine ya karne ya 19, na ikibidi naazima vielelezo, yaani kamba waliohifadhiwa, kutoka makumbusho. DNA husaidia sana, maana kwa umbo pekee dume mchanga na jike mwenye mayai wanatatanisha. Wapo waliowahi kupewa majina mawili kumbe ni spishi moja.

Hiyo picha yako itunze. Kamba akishatiwa kwenye spiriti rangi hutoka, na rangi wakati mwingine ndiyo inayotenganisha ndugu wawili. Synalpheus pinkfloydi, wa upande wa Pasifiki wa Panama, alielezwa mwaka 2017 akapewa jina la bendi ya Pink Floyd kwa ajili ya gando lake la waridi iliyokolea.

Lakini picha pekee kwa kawaida haitoshi. Jina hukubalika likichapishwa pamoja na maelezo, na kielelezo kimoja kikitajwa kuwa cha msingi na kuhifadhiwa ili wengine wakikague. Usiende kumng'oa mwenyewe. Ukusanyaji una vibali vyake, na tumbawe likivunjwa huchukua miaka kurudi.

Ipeleke picha kwenye makumbusho yenye wataalamu wa kamba. Andika mahali, tarehe, kina na, tafadhali usisahau, alikuwa akiishi ndani ya nini. Wengine hukaa kwenye aina moja tu ya sifongo, na ukilijua sifongo lenyewe, orodha ya spishi za kulinganisha hupungua sana.