Maswali ya Wasomaji: Iliki na Misitu ya Usambara

SWALI: Kwa nini kilimo cha iliki hakiruhusiwi ndani ya hifadhi ya msitu ya Amani, kwenye milima ya Usambara, wakati iliki hupenda kivuli na mkulima hana haja ya kukata miti mikubwa?

JIBU: Miti mikubwa hubaki, lakini haina warithi. Ili kupanda iliki, mkulima hufyeka vichaka na miche yote ya chini, kisha hupalilia kila mwaka. Mti mmoja mzee ukianguka, hakuna mche wa kushika pengo. Linaloingia hapo mara nyingi ni msizi, mti mgeni uliopandwa Usambara enzi za ukoloni. Hukua upesi sana kwenye mwanga, na hondohondo hula matunda yake na kusambaza mbegu mbali. Ukiangalia kwa juu unaona kijani kibichi tu, kumbe msitu umebadilika.

Kwanza huumia vinavyotegemea unyevu, kama ua la zambarau la Usambara, linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Hermann Wendland, alilipa jina la kisayansi mwaka 1893. Na maji ya mji wa Tanga hutoka mto Sigi, unaoanzia milima hii.

Anayetaka kipato aangalie msambu, mti wa asili ambao mbegu zake hutoa mafuta. Okota matunda yaliyodondoka yenyewe, yafunike kwa majani hadi yalainike, kamua mbegu, zianike zikauke vizuri. Zikibaki na unyevu huota ukungu na mafuta yake huharibika. Matunda mengine yaachie msitu: bila mbegu chini hakuna miche.