Usiku ilikuwa na rangi, asubuhi nyeusi tii: usiifute hiyo picha!

Kiangazi cha huku kwetu kikishaanza, kuanzia Mei hivi mpaka Oktoba, anga la Dodoma linakuwa safi na watu wanatoka na kamera zao, wengine Bahi, wengine wanasogea tu nyuma ya Nzuguni kukwepa taa za mji, na wakirudi nyumbani maswali yanaanza. Mwezi huu mengi yamehusu jambo moja, kusevu picha ya nyota iliyovutwa, yaani iliyong'arishwa kwenye kompyuta ili vilivyofifia vionekane, na kuifungua tena. Nimechagua manne.

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa Nzuguni, nina Canon 600D ya mtumba na lenzi ya 135. Julai nilienda Bahi na rafiki zangu nikapiga M8 (ile nebula, wingu la gesi angani) picha 90 za sekunde 60 kila moja, nikazistaki, yaani kuziunganisha ziwe picha moja, kwenye programu ya Siril kwa skripti ikatoka result_5400s.fit. Nikaweka autostrechi nebula ikatokea nyekundu nzuri sana mpaka tukapiga kelele, nikasevu nikalala. Asubuhi nafungua faili jeusi, vidoti vichache tu vya nyota. Nikajaribu programu nyingine, GIMP, nayo nyeusi. Jamaa mmoja kaniambia faili limeharibika nifute vyote nianze upya, na kweli laptopu imejaa. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Kwanza kabisa usifute chochote, wala hilo faili wala zile picha 90, na kama ulishafuta kitu nenda kwenye pipa la takataka la kompyuta sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Faili lako ni zima. Nebula yako imo humo yote.

Autostrechi haikuigusa picha yako hata kidogo, ilichobadilisha ni namna Siril inavyoionyesha kwenye skrini basi. Ni sawa na mtu kaingia ghalani usiku na tochi, magunia ya mtama akayaona yote, halafu kazima tochi akatoka anasema mtama umeibiwa. Mtama upo. Jana uliwasha tochi, asubuhi umefungua bila tochi. Angalia chini ya dirisha la picha kwenye Siril kuna sehemu ya kuchagua mwonekano, sasa hivi itakuwa imesimama kwenye linea, ibadilishe iwe autostrechi na nebula yako itarudi hapo hapo. Jaribu kabla ya kusoma aya inayofuata, mimi nakusubiri.

Sasa kwa nini iwe nyeusi? Kamera yako inahesabu mwanga kwa biti 14, yaani kuanzia 0 mpaka 16,383, na inahesabu kwa haki, mwanga ukiongezeka mara mbili namba nayo inaongezeka mara mbili, hiyo ndiyo maana ya linea. Shida ni kwamba nyota kali zinachukua namba za juu kabisa na nebula yote, hayo mawingu ya haidrojeni uliyoyasafiria mpaka Bahi, inabanana chini kabisa karibu na sifuri. Jicho la mtu halioni hivyo, na skrini ikionyesha namba zilivyo unaona giza. Kuvuta, au kustrechi kama wengi tunavyosema, ni kuzichukua hizo namba za chini na kuzipandisha zionekane bila kuzichoma zile za juu.

Na hapa kuna hatari ambayo nataka uielewe vizuri kwa sababu imewaumiza wengi. Tuseme nebula yako inakaa ndani ya asilimia 1 tu ya ngazi zote. Kwenye faili la biti 16 kuna ngazi 65,536, kwa hiyo nebula inapata ngazi kama 655, unaweza kuivuta ikatoka laini kabisa. Kwenye JPEG ya biti 8 ngazi ni 256 tu, nebula inapata mbili au tatu! Ukiivuta JPEG ya namna hiyo inatoka na mistari mistari na mabaka, na hakuna programu duniani itakayozirudisha zile ngazi zilizokatwa. Wewe ulisevu kwenye FITS, lile faili lako la .fit, na hilo ndilo lililokuokoa. Kuna mtu angesevu JPEG akiwa bado na autostrechi kwenye skrini akidhani anasevu anachokiona, kumbe Siril inaandika namba za linea zilizo ndani ya picha, anapata JPEG nyeusi na hana pa kurudi. GIMP nayo usiilaumu, yenyewe imefungua namba kama ilivyozikuta.

Sasa ukitaka uzuri ule wa usiku uingie ndani ya faili kabisa, fanya hivi. Kabla hujavuta maliza kazi za linea: kata kingo, toa gradienti, yaani ule mwanga usio sawa wa taa na mng'ao wa upeoni, sawazisha rangi kwa kutumia nyota zenyewe, ile inayolinganisha na katalogi ya nyota, ambayo inadai picha bado iwe linea vinginevyo hesabu zake zinakuwa uongo. Sevu kwa jina jipya. Halafu fungua kifaa cha histogramu (mchoro wa namba za mwanga wa picha), humo ndani kuna kitufe cha gia kinachoweka vipimo vile vile vya autostrechi, kibonyeze, ona kama anga la nyuma limepanda sana ulirudishe kidogo, mimi binafsi naona vipimo vile vinavuta kupita kiasi kwa sababu vinalipandisha anga mpaka robo ya ngazi zote na anga la usiku halitakiwi kuwa la kijivu hivyo. Ila rudisha kwanza mwonekano kwenye linea, usije ukavuta huku tochi bado inawaka. Kisha bonyeza kukubali, na hapo ndipo namba zimebadilika kweli. Sevu tena kwa jina lingine, na kwa ajili ya GIMP toa TIFF ya biti 16.

Majina nayapigia kelele sana. Mimi naandika m8_01_linea, m8_02_rangi, m8_03_strechi, na sijawahi kujuta. Faili moja la 600D la biti 32 lenye rangi tatu ni kama MB 215, pikseli milioni 17.9 mara tatu mara baiti 4, kwa hiyo hatua tatu hazifiki hata MB 700, na fleshi ya GB 32 inabeba miradi mingi tu. Laptopu ikijaa futa yale mafaili ya katikati ambayo skripti inayatengeneza kwenye folda ya process, hayo yanatengenezeka tena. Picha zako 90 pamoja na daki (picha za giza, lenzi ikiwa imefunikwa) na flati (picha za mwanga sawasawa za kusafishia vumbi) hazitengenezeki tena mpaka urudi Bahi.

Swali: Habari kaka, mimi ni mwanafunzi hapa UDOM. Kosa langu ni kinyume. Nilivuta picha yangu ya Nebula ya Mkuku (Carina) kwa histogramu nikasevu juu ya faili lile lile la mwanzo. Sasa nikifungua inatokea nyeupe kama maziwa yamemwagika. Pia nimeambiwa nilitakiwa kusawazisha rangi kabla ya kuvuta. Naweza kuirudisha kwenye linea?

Nzuri dada. Yale maziwa ni jambo dogo sana, Siril yako imefungua picha iliyokwisha kuvutwa na juu yake ikaiweka autostrechi nyingine, kwa hiyo unaona mvuto mara mbili. Weka mwonekano kwenye linea utaiona kama ulivyoiacha.

La kurudi nyuma ndilo zito, na nimelipitia mwenyewe. Nilipiga Mkuku huo huo mwezi Mei, saa tatu usiku unakuwa umesimama vizuri kusini, nikavuta nikasevu juu ya ya zamani nikafunga programu, na kitufe cha kutengua ukishafunga kinasahau kila kitu. Niliumia sana ile siku, kwa sababu na picha zenyewe moja moja nilikuwa nimeshazifuta.

Ila kuna mlango umebaki na sio wengi wanaujua. Fungua taarifa za faili usome kichwa cha FITS, shuka mpaka kwenye mistari ya HISTORY, Siril inaandika pale ulichofanya, utakuta histogramu uliyotumia na namba zake tatu, ya kati, ya chini na ya juu. Ule mvuto wa histogramu kihesabu unarudishika: kama namba ya kati ilikuwa 0.02 basi ukivuta tena kwa 0.98, yaani 1 toa ile ya kwanza, pikseli zinarudi karibu na zilipokuwa. Mimi nilijaribu nikapata kitu cha kufanyia kazi. Lakini kuna masharti mawili. Faili liwe la biti 32, maana kwenye biti 16 zile nyota kali zilizobanwa juu zinarudi zimechakaa. Na pili, pikseli zilizozamishwa chini ya ile namba ya chini zimekuwa sifuri na sifuri ni sifuri, hazirudi. Namba zenyewe pia zimeandikwa kwa desimali chache kwa hiyo usitegemee usahihi wa kupimia nyota.

Kama picha zako moja moja bado unazo, achana na hesabu zote hizo, zistaki upya leo. Inakula saa moja au mbili za kompyuta na wewe unaenda kula chips, na unapata linea safi kabisa.

Swali: Bro, natumia DeepSkyStacker, programu nyingine ya kustaki. Nimeivuta kwa vile vitelezi vyake imependeza, nimesevu TIFF, kwenye Photoshop inafunguka giza na nikiirudisha DeepSkyStacker inapendeza tena. Halafu nikiipitisha FITS kwenye programu nyingine inageuka juu chini. Niko Singida.

Hilo la kwanza liko kwenye dirisha la kusevu. DeepSkyStacker inakuuliza mabadiliko iyatie ndani ya picha kabisa, au iyabandike tu pembeni bila kuyatia. Wewe umechagua kubandika, kwa hiyo yenyewe ikifungua inasoma kile kibandiko inavuta, Photoshop haijui kibandiko hicho inakuonyesha namba za asili. Na mimi nasema hujakosea. Bakia hapo hapo, sevu TIFF ya biti 32 bila kutia mabadiliko na uvute huko mbele, kwa sababu vile vitelezi ni vya kuangalizia zaidi kuliko kumalizia kazi. Na ukipotea njia kuna lile faili la Autosave inalolitengeneza yenyewe ikimaliza kustaki, hilo liheshimu.

La kugeuka ni utaratibu wa FITS wa tangu zamani, kuna programu zinazohesabu mistari kuanzia chini ya picha na nyingine kuanzia juu, haijaharibika kitu, igeuze tu. Ila hakikisha daki na flati zimetoka programu ile ile na picha zenyewe, la sivyo flati itasafisha vumbi upande usio na vumbi, na vumbi la huku kwetu unalijua.

Swali: Mwanangu habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu niko Kondoa. Mjukuu wangu anasoma Dodoma mjini kanitumia kwa WhatsApp picha ya Kilimia aliyoipiga mwenyewe, nimefurahi sana, nikaipeleka stationari waniprintie niitundike sebuleni ikatoka imejaa vijumba vijumba. Yeye anasema kwake ni nzuri.

Shikamoo mama. Hongera sana kwa mjukuu, na nimefurahi kwamba ni Kilimia, maana ni nyota ambazo wazee wetu walizitazama kujua msimu wa kulima na sasa mjukuu anazihesabu kwa kamera.

Anachosema ni kweli mama, kwake ni nzuri. WhatsApp ikitumiwa picha kwa njia ya kawaida inaipunguza ili isile bando, na sehemu zenye giza zenye mabadiliko madogo madogo ndizo zinaumia kwanza, ndiyo hivyo vijumba. Mwambie akutumie tena kwa kuchagua dokumenti badala ya picha, hapo faili linakuja kama lilivyo. Muulize pia kama aliyokutumia aliitoa kwa kile kitufe cha kamera cha kwenye Siril, kile kinanakili anachokiona kwenye skrini tu, kinafaa kumwonyesha mtu lakini cha ukutani nataka kitoke kwenye picha iliyovutwa kweli, JPEG ya ubora wa juu kabisa au PNG. Kama kamera yake ina pikseli 5,184 kwa upana na hajaikata, stationari wataiprinti kwa nukta 300 kwa inchi ikafika sentimita 44 bila kijumba hata kimoja.

Na umwambie, mama, maana wewe atakusikiliza kuliko mimi, ile ya linea asiifute. Ukiona ukutani imekuwa giza kuliko ulivyotaka, kama mara nyingi inavyotokea kwenye karatasi, ataichukua ile aivute upya iwe na mwanga zaidi akutumie nyingine.