Kampuni ndogo ya bima na thamani halisi ya gari lako

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapa Mwanga, Kigoma. Nina gari la familia ambalo bei yake sokoni ni kama shilingi milioni 18. Wakala mmoja ananishawishi nikate bima kubwa katika kampuni ndogo nisiyoifahamu, na anasema tukiandika kwamba gari lina thamani ya milioni 9 nitalipa nusu ya ada. Mara mojamoja navuka kwenda Burundi kupitia Manyovu. Je, kampuni ndogo ni salama, na nipunguze vipi gharama?

JIBU: Ndugu msomaji, udogo wa kampuni peke yake usikutishe. Kampuni yoyote iliyosajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, hutakiwa kuwa na mtaji usiopungua kiwango kilichowekwa, na sehemu ya hatari inazobeba huikatia bima mtawanyo kwa kampuni nyingine, hivyo gari moja kuteketea si jambo la kuiangusha. Kinachonitia wasiwasi ni ushauri wa huyo wakala.

Tuchukue kiwango cha asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kabla ya VAT. Kwa milioni 18 ada ni shilingi 630,000. Kwa milioni 9 ni shilingi 315,000. Sasa tuseme umegongwa ukielekea Kasulu na matengenezo yanahitaji milioni 4. Kwa kuwa umekata bima ya nusu ya thamani, kampuni ina haki kimkataba kukuhesabu kuwa umebeba nusu nyingine mwenyewe, nayo italipa milioni 2, kisha itoe humo kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mkataba unakutaka ukibebe, ambacho watu wa bima hukiita ekses. Gari likiharibika kabisa, hutapata zaidi ya milioni 9. Umeokoa laki tatu na kidogo, ukapoteza mamilioni, na wakala hatakuwapo kukufidia. Usikubali hata kidogo.

Jambo jingine ni kwamba TIRA huweka viwango vya chini vya ada za bima za magari, kwa hiyo kampuni ndogo haina nafasi halali ya kushusha bei kupita kiasi. Ukiona bei iliyo chini mno, ama kuna kitu kimepunguzwa katika kinga, ama stika yenyewe ni ya kughushi. Ingiza namba ya usajili wa gari katika TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka hiyo, uone kama bima imeandikishwa, ni ya aina gani na inaisha lini. Ada nayo ilipe kwa kampuni moja kwa moja, wala usiitume kwenye simu ya mtu binafsi.

Katika kuchagua kampuni, mimi ningetazama zaidi namna inavyolipa madai katika mikoa yetu. Ofisi unayoiona mtaani kwa kawaida ni ya wakala, na uamuzi wa kulipa hufanywa makao makuu, mara nyingi Dar es Salaam. Muulize wakala ni nani atakayekuja Kigoma kukagua gari lililogongwa, ni gereji gani ya hapa inayokubaliwa, na kama gari litalazimika kuvutwa hadi Tabora au Mwanza, nani atalipia. Omba majibu kwa maandishi. Watafute pia wenye magari waliowahi kudai kwa kampuni hiyo, kwa maana aliyenunua tu bado hajajua kitu.

Gharama unaweza kuipunguza kihalali kwa kukubali ekses kubwa kidogo, iwapo una akiba ya kuibeba, na kwa kudai punguzo la mwaka usio na madai. Ukihama kampuni, chukua barua inayothibitisha rekodi yako. Mikwaruzo midogo itengeneze mwenyewe ili punguzo hilo lisipotee. Gari likishachakaa na thamani yake kushuka sana, bima ndogo, ile ya lazima kisheria kwa ajili ya watu wengine, inaweza kutosha. Lakini usiandikishe matumizi binafsi kisha ukapakia abiria wa nauli kwenda Kibondo, kwani hiyo ni sababu tosha ya dai lako kukataliwa.

Kuhusu Burundi, bima yako ya kawaida kwa msingi inakulinda ndani ya Tanzania. Kabla ya kuvuka Manyovu, omba kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya magari yanayovuka mipaka, ambayo Tanzania na Burundi zote zinaitambua. Hata hivyo, kadi hiyo hushughulikia madhara utakayowasababishia wengine huko. Uharibifu wa gari lako mwenyewe haumo, mpaka uombe kampuni iongeze eneo la kinga katika mkataba wako na uilipie nyongeza hiyo kabla ya safari.